"Demure" si haya, japo tumeyafanya mapacha

Tangu Agosti 2024 neno la Kiingereza "demure" limekuwa likizunguka kwenye simu za vijana wetu kama sahani ya halua harusini: kila mtu amemega, wachache wameuliza imepikwa na nini. Mji wa Kale nimelisikia likisemwa juu ya sinia la biriani. Kwenye feri ya Likoni nimemsikia kijana akimwambia mwenziwe hivyo kwa sababu tu alikuwa amechomekea shati. Na juzi mtoto wa kaka yangu, ana miaka 14, aliniangalia miguuni akaniambia, "Shangazi, leo viatu vyako ni very demure." Viatu vyenyewe ni ndara za plastiki, nilikuwa nimetoka kuanika nguo.

Chanzo cha shamrashamra hizi ni mtu mmoja wa Chicago, Marekani, aitwaye Jools Lebron, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi ya keshia. Aliweka video fupi kwenye TikTok akieleza anavyojipamba kwenda kazini: si rangi nyingi usoni, si makeke, kila kitu kwa kiasi chake. Akasema "very demure, very mindful", yaani kwa utulivu sana, kwa uangalifu sana. Aliyasema kwa mzaha, na mzaha ule ndio uliopendwa. Haikuchukua wiki nyingi watu mashuhuri na kampuni kubwa wakawa wanamuiga. Mtu mwingine kabisa akawahi kupeleka maombi ya kuyasajili maneno yale kama alama ya biashara, kabla mwenyewe hajafikiria. Neno la kujizuia likagombewa kama samaki wa bei ya chini sokoni. Ilipofika Novemba mwaka huo huo, tovuti ya kamusi ya Dictionary.com ikalitangaza kuwa neno lake la mwaka 2024.

Lingebaki kwenye mzaha nisingelipotezea wino. Lakini neno hili lina maisha mengine, ya kwenye karatasi, na huko halichekeshi.

Jirani yangu ana binti aliyesomea kazi za hoteli. Alifanya atachimenti ya miezi mitatu kwenye hoteli moja ya ufuoni ambayo sina haja ya kuitaja. Mwisho wa miezi ile akapewa fomu ya tathmini. Kwenye nafasi ya maoni msimamizi ameandika mistari miwili tu: kwamba binti ni mchapa kazi, hufika kwa wakati, na ni "demure". Chini yake kuna swali la idara inayomfaa, na jibu lake ni dobi na kutandika vyumba. Binti mwenyewe alikuwa ameomba mapokezi.

Mamake alikuja kwangu na fomu ile, uso umemjaa bashasha. "Dada, hebu nisomee hili neno vizuri. Nimeambiwa wamesema mwanangu ana haya."

Nikamwambia laweza kusemwa hivyo.

"Si ndivyo nilivyomlea? Alhamdulillahi." Akaikunja fomu akaitia mkobani kama cheti.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno, ila nilimwona macho yake yanafuata ile karatasi inapokunjwa. Yeye hakuwa akiufikiria mstari wa juu bali ule wa chini.

Mama alisoma sifa, binti akasoma hukumu, na hakuna aliyekosea kusoma. Neno lenyewe lina nyuso mbili, na limekuwa nazo kwa miaka mingi sana. Ndiyo sababu nimeona nilifungue leo, hasa kwa wazazi na walimu wanaopokea na kuandika barua za namna hii.

Lilipoingia katika Kiingereza, kwenye karne ya 14, halikuwa neno la wanawake hata kidogo. Miongoni mwa matumizi yake ya kale kabisa ni juu ya bahari: bahari iliyotulia, isiyochafuka. Sisi wa pwani neno hilo tunalo tangu babu na babu, ni shwari. Nalipenda sana jambo hili, kwamba neno ambalo leo linavalishwa msichana aliyeinamisha kichwa lilianza safari yake kwa nahodha anayetazama maji kabla ya kutweka tanga.

Wataalamu wa asili za maneno wengi hulirudisha kwenye neno la Kifaransa cha kale "meur", ambalo nalo latoka kwenye Kilatini "maturus": kilichoiva, kilichopevuka. Wako wanaoona pia mkono wa kitenzi kingine cha Kifaransa cha kale, "demorer", chenye maana ya kukaa na kukawia. Hilo la kukawia nitalirudia huko chini, maana watu wa bandarini lawahusu. Kwa sasa tushike hili la kuiva. Mtu aliyeitwa "demure" zamani zile alikuwa mtu mzima kwa maana tunayoijua sisi tunaposema "huyu ni mtu mzima bwana": ametulia, ana uzito, harukiruki, hajibu kila neno. Yule mzee wa mtaa anayesikiliza pande zote mbili hadi mwisho ndipo akohoe, aanze kusema, yeye ndiye angestahiki neno hili. Ndevu zake na bakora yake pamoja.

Sasa, kila sifa inayoonekana kwa nje yaweza kuigizwa. Mtu asiye na utulivu aweza kuuvaa utulivu kwa saa mbili akaenda nao kwenye posa. Na hivyo ndivyo neno lilivyoanza kupinda. Waliosoma "Mabepari wa Venisi", tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, watamkumbuka Gratiano, rafiki ya Bassanio, kijana asiyejua kuufunga mdomo. Anataka kufuatana na mwenziwe kwenda Belmont kuposa, na mwenziwe anaogopa kuaibishwa. Gratiano anamwahidi kwamba atakuwa mtu mwingine kabisa: atatia vitabu vya sala mfukoni, ataitikia amina, dua ya chakula ikisomwa atajifunika macho kwa kofia yake. Kwenye Kiingereza cha Shakespeare, namna atakavyotazama watu huko ni "demurely". Watazamaji hucheka kwa sababu wamjua. Angalieni basi: mwishoni mwa miaka ya 1500 neno hili lilikuwa tayari limekaa juu ya mwanamume anayejitia upole.

Haina maana kwamba uzuri wake ulikuwa umekwisha. John Milton, katika shairi lake "Il Penseroso" lililochapishwa mwaka 1645, analitumia kwa heshima tupu, akiielezea Huzuni ya tafakuri kwa sura ya mtawa wa kike, bila kejeli hata chembe. Lakini upepo ulikuwa umeshageuka. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755 aliweka maana zote mbili, ile ya utulivu na heshima na ile ya kujidai, kisha akaongeza kwamba kwa wakati wake neno hilo lilichukuliwa zaidi kwa dharau.

Baada ya hapo likapungua upana. Bahari ikasahaulika, mzee wa mtaa naye akasahaulika. Leo ukikuta "demure" kwenye kitabu cha hadithi au gazeti la Uingereza, mara nyingi sana ni juu ya mwanamke au msichana: tabasamu lake, sauti yake, gauni lake, jinsi alivyokaa. "A demure smile" ni tabasamu la midomo iliyofungwa, la mtu asiyetaka kuonekana amefurahi mno. "A demure dress" ni gauni lisilobana wala kuacha kifua wazi. Hapa kuwe na hadhari, maana kipimo chao si chetu. Bibi wa Kiingereza aliyevaa sketi ya kufika magotini na blauzi yenye kola amekwisha kuwa "demure" machoni pao; sisi hapa tungemletea leso ya kujitandia miguuni. Kwa hiyo anayetafsiri tangazo la nguo la kigeni akaandika "gauni la stara" penye "demure" asishangae mteja wa Kisauni akirudisha mzigo.

Mwanamume akiitwa hivyo leo, aghalabu anataniwa. Ndiyo maana ule mzaha wa TikTok ulishika moto hivyo: neno lilikuwa limebaki kabatini na harufu ya nondo, likanuka kizamani, na ukilibandika juu ya kitu kisichohusiana nalo, kama ndara zangu, kicheko chaja chenyewe.

Kuna jambo moja ambalo kamusi ndogo hazilielezi, nalo ndilo lililomponza binti wa jirani. "Demure" ni neno la anayetazama. Lasema mtu anavyoonekana kwa nje: macho yako wapi, sauti ina kimo gani, mikono imewekwa vipi. Halisemi ndani yake mna nini. Huyo mtu aliyetulia aweza kuwa mcha Mungu, aweza kuwa mwoga, aweza kuwa amechoka na zamu ya usiku, aweza kuwa anakucheka moyoni. Mwandishi wa Kiingereza aliye hodari hulitumia makusudi ili msomaji ajiulize ni lipi kati ya hayo.

Nasi twaijua sana hali hiyo, wala hatukufundishwa na Mzungu. Nenda kwenye harusi yoyote ya hapa, utamwona mwanamke amekaa kitako kwenye mkeka, macho chini, mikono mapajani, sauti haisikiki. Lakini leso aliyojifunga ina jina, na jina lile hakuliokota. Amelizungukia maduka ya Biashara Street mchana kutwa hadi akalipata, kwa ajili ya mtu mmoja tu aliyeketi mkabala naye. Aliyelengwa ameshalisoma. Mwenye leso hajafumbua kinywa. Sijui mfano mzuri zaidi wa "demure" kwa maana yake ya pili.

Kabla ya kufika kwenye Kiswahili, niyaondoe njiani maneno mengine ya Kiingereza yanayochanganywa na hili. "Shy" ni mwenye kuona soni, anayeumia akitazamwa. Yeye hakuchagua, na angeweza angeacha. "Reserved" twalijua zaidi kwenye makaratasi yanayobandikwa viti vya mbele ukumbini, na kwa mtu maana yake si mbali sana na pale: kuna sehemu yake ameiwekea alama kwamba si ya kila mpita njia. Hamwagi mambo yake. Hili ni neno salama kiasi, laweza kusemwa juu ya mwanamume au mwanamke bila kuchekwa. "Reticent" ni la ulimi peke yake, mtu asiyependa kusema jambo fulani, hata kama amevaa mavazi ya kumetameta. "Modest" ndilo pana kuliko yote: laenda kwa asiyejisifu, laenda kwa vazi la stara, laenda hata kwa mshahara na nyumba, kwa maana ya cha wastani. "Demure" haliendi kwa mshahara. Na "coy" ni jirani mbaya. Ni haya ya mapozi, ya kusema sitaki huku mtu ataka. Mwanafunzi akiniuliza amwite mwalimu wake lipi kwenye barua ya shukrani, namwambia hili la mwisho asiliguse kabisa.

Kwetu sasa. Kwa Kiswahili tuna kikapu kizima: mtulivu, mpole, mtaratibu, mnyamavu, mwenye staha, mwenye adabu, mwenye muruwa, mwenye haya. Watu huchota moja lolote wakadhani yote ni mamoja. Ukiniuliza mimi, lililo karibu zaidi na "demure" ya zamani ni mtulivu, kwa sababu nalo latumika kwa bahari na kwa mtu, na halijali jinsia. Lililo karibu na "demure" ya leo inayosifu ni mtaratibu au mwenye staha. Na ile ya kejeli twasema anajitia: anajitia upole, anajitia haya. Kitenzi hiki kidogo, kujitia, kinafanya kazi ambayo Kiingereza kimeiachia sauti ya msemaji.

Haya ndiyo nisiyokubali iwe tafsiri yake, ingawa vitabu vya mafunzo na vijana wa tarjuma wa mitandaoni huiweka bila wasiwasi.

Neno haya tumelipata kwa Kiarabu, na wanazuoni wamelihusisha na mzizi wa neno la uhai. Ni kitu cha ndani. Mwenye haya hujizuia hata akiwa chumbani peke yake, taa imezimwa, mlango umefungwa, kwa sababu anayemwonea haya hafichwi na mlango. Huwezi kuwa "demure" peke yako gizani, hakuna anayekutazama. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, na nyingine zote zatoka humo.

Tena haya ni ya wote. Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari, Mtume s.a.w. alimpita mtu wa Kiansari akimlaumu nduguye kwa kuwa na haya nyingi, akamwambia amwache, kwani haya ni katika imani. Walikuwa wanaume wawili wale. Sayyidna Uthman bin Affan anajulikana kwa haya kuliko sifa zake nyingine zote. Na Mtume mwenyewe amesifiwa kwa haya iliyopita ya mwari aliye ndani. Ukitafsiri haya kwa "demure", umewanyang'anya wanaume fungu lao lote na kuwatwika mabinti peke yao. Na kwa kweli ndivyo tunavyoishi. Kijana wa kiume akipiga kelele barazani usiku wa manane twasema ni ujana; dadake akicheka kwa sauti dirishani, nyumba nzima yaambiwa haina haya. Hilo halikutoka kwenye dini wala kwenye Kiswahili, japo twalisingizia vyote viwili.

Kisha kuna suala la kinywa. "Demure" ya leo imeshikamana na kunyamaza. Haya haikushikamana nako. Bibi Aisha, Mungu amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kuielewa dini yao, na mwanamke kama Ummu Sulaym alisimama mbele ya Mtume akauliza swali la mwili ambalo wengi wetu tungeliulizia kwenye simu kwa sauti ya chini. Alianza kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya kwa la haki, kisha akauliza, akajibiwa. Hakuna aliyemwambia amekosa adabu.

Hapa kwetu hapa, Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858 alimhimiza adabu na ulimi mwema, na wapo wanaoutumia utendi ule kuwaambia wasichana wanyamaze. Wasahau kitu kimoja. Aliyesema yote hayo ni mwanamke mgonjwa aliyetaka wino na karatasi aseme alilo nalo, na maneno yake yamevuka miaka 160. Mwenye kusema kwa adabu hajanyamaza.

Napaswa pia kulitaja hili, ingawa si tamu. Nimekaa na wasichana waliotendewa vibaya, wengine na watu wa karibu, na wamekaa nalo kwa miezi kwa sababu walidhani kulisema ni kukosa haya. Walichokuwa nacho wale watoto ni aibu, na aibu ile haikuwa yao. Kiswahili kinatofautisha: haya huja kabla ya tendo ikakuzuia, aibu huja baada ya tendo ikamwangukia aliyetenda. Mtoto aliyefundishwa kwamba haya ni kutulia na kutazama chini tu, hana chombo cha kuzitofautisha. Wazazi wenzangu, mkimsifu binti kwa haya, msifuni kwa alilojizuia kulifanya. Kama mnamsifu kwa kuwa hasikiki, tumieni neno jingine, kisha mfikirie kama hiyo kweli ni sifa.

Turudi kwenye fomu. Nilimwuliza binti, mbele ya mamake, kazi ya pale hotelini ilikuwaje. Akaeleza, kwa sauti ndogo kweli, lakini ya moja kwa moja. Kumbe wiki ya sita mtu wa mapokezi aliumwa, yeye akawekwa pale siku mbili. Siku ya pili akafika mgeni ambaye mizigo yake ilikuwa imebaki njiani, mtu amevaa suti ya baridi kwenye joto letu, ameghadhabika, anapiga meza. Wenziwe walirudi nyuma. Yeye alimpa maji, akamwacha amalize hasira zake, akaipigia simu kampuni ya ndege mara tatu mpaka akapata jibu, na usiku mzigo ukafika. Mgeni akaacha barua ya shukrani.

"Mbona hukuniambia?" mamake akamuuliza.

"Hukuniuliza, mama."

Jirani yangu alikaa kimya kidogo, kisha akanigeukia. "Dada, kwani mwenye haya hawezi kupokea wageni?"

"Aweza. Tena ndiye wanayemtaka, ila hawajaambiwa."

Basi tukaketi, tukaandika barua yake ya maombi upya. Neno la msimamizi hatukulifuta, fomu imegongwa mhuri na haifutwi. Lakini barua yaweza kulizunguka. Penye "demure" tulieleza kwa "composed", mtu asiyetikisika watu wakipandisha sauti, na kwa "courteous", mwenye heshima kwa mgeni, halafu tukakitaja kisa cha ule mzigo kwa sentensi tatu na kuiambatisha ile barua ya mgeni. Mwajiri anayesoma sifa tupu hujaza mwenyewe picha iliyomo kichwani mwake, na picha ya "demure" kichwani mwa wengi ni msichana asiyeweza kujibu simu. Akisoma kisa, hana nafasi ya kujaza. Ameitwa kwenye usaili Diani mwezi ujao. Kazi yenyewe ni ya mapokezi.

Walimu na wasimamizi mnaosoma hapa, nawaomba mlipumzishe neno hili kwenye tathmini za kazi na za shule. Kama mwanafunzi haongei darasani na hilo lawatia wasiwasi, andikeni hivyo, mzazi ajue. Kama ni mtulivu na utulivu wake ni faida, andikeni amefanya nini kwa utulivu huo. "Demure" lawaacha wote wawili gizani, mzazi anashangilia na mwajiri anapita.

Kwa wanafunzi, jambo la mwisho ni matamshi, kwa sababu nimewasikia watangazaji wa redio wakilipinda. Mkazo uko mwishoni: di-MYUA. Kuna ndugu yake, "demur", lisilo na e mwishoni, husomwa di-MAA, nalo ni kitenzi: kusita, kupinga kwa upole. Herufi moja tu yatenganisha mtu aliyenyamaza na mtu aliyesema "hapana, samahani". Kwenye mtihani wa kufupisha habari hilo lageuza kisa kizima, kwa hiyo someni mpaka mwisho wa neno.

Na "demur" hii ndiyo iliyotoka kwa yule "demorer" wa kukaa na kukawia niliyemwahidi. Kutoka kwake pia ilizaliwa "demurrage", ambayo mawakala wa kuondoa mizigo Kilindini huiita demareji na hawahitaji kamusi kuielewa. Meli ikikawia kupita muda wa mkataba, inalipiwa. Kontena likikaa bandarini kupita siku za bure, linalipiwa, kwa dola. Nilipomweleza wakala mmoja kwamba huenda ada ile ina udugu na neno la watoto wa TikTok, alinitazama kwa muda, akasema analo moja pale yadi hivi sasa: limetulia, halimsumbui mtu, macho chini, na kila asubuhi lamwongezea bili.